Kuwapa Ajira Mpya Wastaafu wa Michezo: Mwongozo kwa Nyumba za Doha

Ras Abu Aboud, ukitazamana na maghorofa ya West Bay ng'ambo ya maji, kuna uwanja wa mpira uliojengwa kwa makontena ya meli. Makontena yenyewe ni 974, na hesabu hiyo haikuja kwa bahati: 974 ndiyo namba unayoanza nayo ukimpigia simu mtu wa Qatar kutoka Mombasa au Dar es Salaam. Kombe la Dunia la 2022 lilichezwa hapo mechi saba, ya mwisho Brazil ikiifunga Korea Kusini mabao 4-1 tarehe 5 Desemba. Tangu ramani zinachorwa ilisemwa kwamba baada ya mashindano uwanja huo utafunguliwa vipande vipande, usafirishwe, ukajengwe kwingine. Viti pia, takribani 170,000 kutoka viwanja mbalimbali, viliahidiwa nchi zinazoendelea. Miaka miwili baadaye, Desemba 2024, uwanja ulikuwa bado umesimama, na Al Ahly ya Cairo ikakabana humo na Pachuca ya Mexico hadi penalti.

Wapo waliolalamika kwamba uwanja haukubomolewa kama ilivyotangazwa. Mimi nimefurahi. Kitu kinachoweza bado kufanya kazi yake ya awali kiachiwe kazi hiyo. Kikishindwa, kitafutiwe nyingine. Jaa liwe la mwisho kabisa. Kule Al Rayyan walifika hatua ya pili: uwanja wa zamani wa Ahmad bin Ali ulipobomolewa, sehemu kubwa ya vifaa vyake ilitumika tena katika ujenzi wa huu mpya. Ikiwa nchi imeweza kufikiri hivyo kuhusu zege, sisi wapangaji hatuna sababu ya kushindwa kufikiri hivyo kuhusu soksi. Mwongozo huu unahusu soksi. Unahusu pia njumu, jezi, nyavu, raketi, glovu za kipa na ile mashine ya kukimbilia ambayo imekuwa kabati la nguo tangu uinunue.

Anza kwa kuinama. Chini ya kitanda, iwe ni dabodeka ya makazi ya wafanyakazi kule Industrial Area au kitanda cha nyumba ya kupanga Najma na Al Mansoura, kuna wastaafu wanasubiri barua. Watoe wote, uwapange sakafuni. Sisi watu wa Afrika Mashariki hatufundishwi jambo hili upya. Tumekulia kwenye mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba, tumeona tairi la lori likitoka barabarani na kuwa makatambuga, au akala kwa ndugu wa Kenya, na kontena likishuka melini kuwa duka la mangi. Tatizo linaanza tukipata mshahara na duka kubwa lenye kiyoyozi. Hapo mtu anaona aibu kushona kitu. Aibu hiyo iache mlangoni pamoja na viatu.

Kabla ya kumpa mstaafu kazi ya nyumbani, mpime. Mpira wa miguu ujaze upepo usiku, uulaze, asubuhi uubonyeze kwa vidole gumba. Ukiwa mgumu kama jana, huyo hajastaafu, ameonewa tu, na hatima yake nitaieleza mwishoni. Ukiwa umelegea kidogo, ushuku vali kwanza: itemee mate, uangalie kama yanatoa povu. Mara nyingi tone la mafuta ya silikoni kwenye vali linamrudisha mchezaji uwanjani. Njumu zikunje katikati, usikilize. Soli ikiachana na kiatu kwa mbele tu, gundi nzuri na kubanwa usiku kucha vinatosha. Soli ikikatika pale mguu unapokunjia, hapo muda wake umekwisha.

Vitu vya michezo hapa Doha huzeeka mapema, na si kwa sababu tunacheza kuliko wengine. Joto ndilo linaloviua. Mashindano ya dunia ya riadha ya 2019 yalipofanyika hapa, marathoni ya wanawake ilibidi ianze karibu usiku wa manane pale Corniche, na bado kati ya wanariadha 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 43, muda wa polepole sana kwa mtu wa kiwango chake. Ikiwa usiku unamfanyia hivyo binadamu aliyefanya mazoezi, fikiria kiatu kilichofungiwa kwenye buti la gari mchana wa Julai. Gundi inalainika, povu la soli linabonyea lisirudi, plastiki inakakamaa na kupasuka. Kwa hiyo fundisho la kwanza la kutunza vifaa ni kutoviacha garini. Ukilishika hili peke yake, hutahitaji nusu ya mwongozo huu.

Sasa tuingie kwenye soksi, maana hapo ndipo penye utajiri.

Soksi ndefu ya mpira wa miguu, ile inayofika gotini, ndiyo mstaafu mwenye sifa nyingi kuliko wote, na nyumba za Doha zinamhitaji. Upepo wa shamali ukianza kuvuma Juni, vumbi linapita chini ya mlango kana kwamba lina funguo. Baridi ya kiyoyozi nayo inatoka kwa njia hiyohiyo. Chukua soksi mbili. Zifue kwa maji ya moto, ziache zikauke kabisa. Kata ncha ya vidole ya moja, uzishone pamoja ziwe bomba refu. Soksi moja haitoshi kwa sababu mlango wa kawaida una upana wa sentimita 80 hadi 90. Ndani yake tia mfuko mwembamba mrefu, kisha jaza mchanga mkavu, lakini usiubane: acha nafasi ili bomba lilale na kufuata sakafu. Funga mdomo, shona. Lilaze mlangoni. Usiku wa kwanza tu utaona tofauti kwenye sakafu ya asubuhi.

Mchanga uwe wa ujenzi, uliooshwa. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Ikifika Agosti, hewa ya hapa inapokuwa nzito kama shuka lililoloa, soksi yako itaanza kunuka na kuacha alama kwenye vigae. Mtu akikwambia ujaze mchele, mkatalie. Mchele ni chakula, na wadudu watakuja kukubaliana nami.

Soksi fupi iliyobaki mwenzake imepotea ina kazi mbili. Ivishe chupa ya maji, iloweshe, uitundike palipo na upepo kivulini. Maji yakiwa yanakauka kwenye kitambaa yanaondoka na joto la chupa, na maji ya ndani yanapoa. Hii ndiyo kazi ya mtungi wa udongo wa bibi zetu, na inafanya kazi vizuri sana Mei na Juni hewa ikiwa kavu. Agosti usijisumbue, kwa sababu hewa imeshiba maji na soksi haikauki. Mlinzi anayekaa zamu ya saa kumi na mbili kwenye kibanda kisicho na friji atakushukuru kwa ujuzi huu kuliko kwa maneno mengi ya pole. Kazi ya pili ni kuivisha miguu ya meza na viti, ili jirani wa chini alale. Mipira ya tenisi iliyochoka inafanya hivyo vizuri zaidi: ichane msalaba kwa kisu kikali, uisukumie kwenye mguu wa kiti. Siku hizi padeli imeenea mji mzima, na mpira wa padeli hupoteza mdundo upesi, kwa hiyo malighafi haitakosekana. Waombe wachezaji wakitoka uwanjani, watakupa kwa furaha.

Jikoni kuna sheria moja ambayo nitaisema kwa ukali. Jezi si kishikio cha sufuria. Jezi karibu zote za siku hizi ni poliesta, na poliesta ikigusana na moto huyeyuka na kugandana na ngozi. Glovu za kipa vilevile zina mpira wa lateksi kiganjani, hazipendi moto. Zipe kazi zinazozifaa. Glovu za kipa zinafungua mtungi wa achari uliogoma, zinashika samaki mbichi mwenye utelezi wakati wa kumpaa magamba, na zinabeba ile chupa kubwa ya maji ya lita 18.9 kutoka mlangoni hadi kwenye mashine bila kuponyoka. Kipa aliyekuwa akidaka krosi hakushuka cheo hapo. Chupa hiyo ikidondoka kwenye kidole cha mguu ni msiba kuliko bao.

Jezi yenyewe ishone mto. Funga shingo na mikono kwa uzi, sukuma ndani fulana kuukuu zilizokatwakatwa, funga chini. Nani ana mto wenye namba mgongoni? Wewe. Ila heshimu nyumba ya watu wengi. Katika chumba wanacholala shabiki wa Simba na shabiki wa Yanga, jezi ya timu yoyote kati ya hizo isifanywe tambara la kudekia, hata ikiwa imetoboka kiasi cha kuonekana upande wa pili. Wakenya watalielewa hilo kwa Gor Mahia na AFC Leopards. Tena poliesta hainyonyi maji, inayasukuma tu huku na huku, kwa hiyo amani ya chumba na usafi wa sakafu vinasema jambo moja. Tambara la kudekia litoke kwenye fulana za pamba na taulo za mazoezi.

Ule mfuko wa wavu wa kubebea mipira utundike jikoni, mbali na jiko, utie vitunguu maji na vitunguu saumu. Vinahitaji hewa na kivuli. Kwenye mfuko wa nailoni huchipua na kuoza ndani ya siku chache. Sijaona kikapu cha dukani kinachoushinda mfuko huu.

Wavu wa goli ukiwa umechanika usiushone, upeleke kwenye roshani au uani. Msimu wa kupanda Doha ni kuanzia Oktoba hadi Aprili, kinyume kabisa na hisia za mgeni. Nyoosha kipande cha wavu kati ya nguzo mbili, chini yake panda kunde zinazotambaa, matango au dodoki. Mmea unashika kila jicho la wavu wenyewe, huna haja ya kuufunga. Dodoki likikauka, unalimenya na kupata kitu cha kusugulia mwili na masufuria. Njumu zisizotengenezeka zina nafasi yao hapa: mguu mmoja unatosha mche mmoja wa mnanaa, na matundu ya soli iliyokatika yanatoa maji ya ziada. Mpira uliopasuka ukate nusu, utoboe chini, upande kitunguu cha majani. Uweke kivulini, kwa sababu jua la hapa huvunja plastiki na ngozi ya bandia upesi. Sukuma wiki na mchicha vinataka chombo kirefu zaidi, hivyo vitafutie ndoo.

Raketi ya tenisi yenye nyuzi zilizolegea ndiyo silaha bora ya kukung'uta mazulia, na katika mji wa vumbi hii si kazi ndogo. Piga kwa bapa, si kwa ukingo. Usifanyie roshani inayotazama barabara: jirani atakula vumbi lako, na wenye mji wanadai usafi wa mbele ya majengo. Sheria ya usafi wa umma ya 2017 inakataza hata kuanika nguo kwenye roshani na madirisha yanayoelekea mtaani. Kwa hiyo kamba ya kuruka, ambayo kila mwongozo utakwambia uifanye kamba ya kuanikia, ifunge ndani: bafuni, au kwenye korido yenye hewa. Zile zenye waya ndani yake zinabeba mashuka mawili yaliyoloa bila kulegea.

Mpira wa ndani wa baiskeli, tyubu, hauhitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kutengeneza manati. Ukate pete nyembamba za kufungia mifuko ya unga, pete nene za kubana mfuko wa taka kwenye ndoo, na ukanda mmoja mrefu wa kuufunga mzigo nyuma ya baiskeli. Ubao wa magurudumu ambao mtoto ameuchoka ulaze chini ya gunia la mchele la kilo 40. Dada anayesafisha ataweza kulisogeza bila kuumia mgongo. Vyuma vya kunyanyua vinazuia milango isijipigize siku za shamali. Mkeka wa mazoezi ulioachia ukate vipande: kimoja cha kupigia magoti mtu anaposugua bafu, kimoja cha kutuliza mashine ya kufulia isitembee, kimoja chini ya zulia linaloteleza.

Na ile mashine ya kukimbilia? Hapa ushauri wangu ni mmoja. Toa nguo zako juu yake na umpe mtu. Usiifanye meza, usiifanye rafu ya vitabu, usiichomoe mota ukidhani utatengeneza kitu. Ikiwa inawaka, si mstaafu. Familia nyingi zinahama Doha shule zinapofungwa mwezi Juni, na mashine kama hizo huachwa kando ya mapipa zikiwa nzima, huku upande mwingine wa mji kuna vyumba vya vijana wenye nguvu wasio na pa kufanyia mazoezi. Safari ya gari moja la mizigo inamaliza jambo. Ukitaka kuuza badala ya kutoa, wauza vitu vilivyotumika wapo, na Souq Al Haraj pale Najma watakupa bei. Bei yenyewe itakuudhi. Kutoa kunaudhi kidogo kuliko bei hiyo, na kunazaa marafiki.

Kuna kitu kimoja tu ambacho hakipaswi kumfikia mchezaji mwingine kamwe, hata kikionekana kizuri: helmeti iliyowahi kuanguka na mtu. Povu gumu la ndani hutengenezwa lipokee kishindo kimoja, libonyee badala ya fuvu. Likishabonyea halirudi, na kwa nje huwezi kuona. Usimwachie mwenzako anayeendesha baiskeli kwenda kazini. Kata mikanda ili asije mtu akaivaa, ipindue, uitundike kwa kamba tatu, utie udongo. Matundu yake ya hewa yatakuwa matundu ya maji. Hapo tu ndipo itakapomfaa mtu.

Sasa turudi kwa wale waliofaulu kipimo: mipira inayoshika upepo, njumu zenye soli, vikinga vya ugoko, glovu ambazo bado zina mnato. Hawa wasiwe vyungu wala mito. Doha ni mji wa wachezaji wasio na vifaa. Tangu 2013 hapa kumekuwa na mashindano ya soka ya makampuni ya ujenzi, Kombe la Wafanyakazi, na filamu iliyotengenezwa kuhusu mashindano hayo ilionyeshwa tamasha la Sundance mwaka 2017. Kati ya wachezaji iliowafuatilia alikuwamo Mkenya. Nje ya mashindano rasmi, Ijumaa jioni jua likilegea, utawakuta vijana kwenye viwanja vitupu vya changarawe, baadhi kwa viatu vya kazi, baadhi pekupeku. Namba 42 yako iliyokaa chini ya kitanda tangu mwaka juzi ina mguu unaoisubiri pale. Kushona mto kwa jezi nzima wakati kuna timu inayocheza kwa fulana za rangi kumi tofauti ni ubadhirifu, hata kama mto umependeza.

Na nyumbani je? Wengi wetu tunatuma mizigo kwa kago ya meli kwenda Mombasa na Dar es Salaam, na maboksi yanajazwa blanketi, sabuni na maziwa ya unga. Njumu zinaingia katikati bila kuongeza boksi: tia soksi ndani ya viatu, vikinga ndani ya soksi, funga jozi kwa kamba zake, andika namba kwa kalamu ya wino mzito ili shangazi asimpe mwenye mguu wa 38 kiatu cha 43. Mpira utoe upepo wote, ukunje ndani kama bakuli, upange mmoja juu ya mwingine. Mipira sita iliyokunjwa hivyo haizidi nafasi ya mto mmoja. Ukiwatumia watoto wa shule yako ya msingi mipira sita, waalimu watakukumbuka kwa jina.

Lakini nakusihi, ndugu yangu, usilifunge boksi bado. Mipira mingi inayofika vijijini ikiwa mizima hukaa bapa ofisini kwa mwalimu mkuu kwa sababu pampu ya baiskeli ipo na sindano hakuna. Sindano inagharimu riyali chache katika duka lolote la michezo hapa. Nunua nne, zifunge kwa gundi ya karatasi ndani ya kifuniko cha boksi ambapo atakayefungua ataziona, na uandike pembeni kwa herufi kubwa kwamba sindano ilowekwe maji kabla ya kuingizwa.